Kayaki ya Nambis Yaenda Basotu

Ndugu zangu, tangu nirudi sijakunywa chai hata kikombe kimoja kwa amani. Kila ninapokaa, mtu ananiuliza, "Mwalimu Boay, uso huo umepatwa na nini?" Kuna waliosikia nimepigwa na watu wa Nangwa. Kuna waliosikia nimezama ziwani na kuokolewa na kiboko. Nimechoka kusimulia vipande vipande huku kila anayepokea akiongeza chumvi yake. Basi nimeandika yote hapa, someni, kisha mniache ninywe chai.

Nyuma ya nyumba, Nambis

Kwa wale ambao hawakuwahi kufika uani kwangu: kayaki ni boti nyembamba iliyofunikwa juu, yenye tundu moja tu la kukaa mtu. Anayekaa humo hupiga maji kwa kafi lenye bapa huku na huku. Mara ya kwanza niliiona kwa mzungu mmoja, mtaalamu wa ngano katika mashamba ya serikali kule Basotu. Jioni, akishaachana na makombaini yake ya kuvunia, alikuwa akishuka ziwani na kuteleza majini peke yake, hana haraka na mtu.

Siku hiyo nilikuwa nimesimama ufukweni na Fausta. Fausta ni mwalimu kama mimi, tulisoma chuo kimoja, na amezaliwa pale pale kando ya ziwa. Aliitazama ile kayaki mpaka ikapotea nyuma ya matete, akasema, "Ningekuwa na kitu kama kile, nisingembembeleza mtu anivushe kwenda kwa shangazi." Alisema tu, kama mtu anavyosema kiatu kinambana. Mimi nikamwahidi nitamtengenezea, nikarudi Nambis na neno lile kichwani, likakataa kutoka.

Nikaanza kujenga. Shule ikifungwa jioni, ng'ombe wakishakamwa, nachukua randa. Ramani sikuwa nayo, nilikuwa na macho yangu tu na kumbukumbu ya boti ya mzungu. Mbao nilipata za mwerezi, nyepesi na zenye harufu nzuri. Mbavu nilizipinda kwa fito nilizolainisha kwa mvuke wa sufuria ya mama ya makande, na mama akaapa kwamba makande yake tangu siku hiyo yana ladha ya seremala. Mnanijua, nikishika kitu sikiachi. Mvua zilikuja zikaisha, zikaja tena, na mimi bado nasugua mbao. Jirani wangu Tarmo, ambaye mizinga yake ya nyuki iko kando ya msitu, alikuwa akija kunishikia upande wa pili wa ubao na kunicheka.

Shida ilikuja kwenye kuziba maungio. Mnajua miaka hii ilivyo: sabuni yenyewe ni foleni, sasa gundi ya boti utaiona wapi? Tarmo akasema, "Mwalimu, unahangaika nini? Kibuyu kikipasuka tunaziba kwa nini?"

"Kwa nta," nikasema.

"Basi boti ni kibuyu kirefu."

Akaleta nta, tukaiyeyusha, tukapaka kila ungio, nje na ndani. Iliyobaki tukaona tusiitupe, tukaisugulia ndani yote kwa kitambaa mpaka mbao zikang'aa. Uani kote kukanukia asali. Tulisimama pale tukiisifu kazi yetu kama watu wenye akili.

Wiki ya kufunga shule ndipo ujumbe ulipofika, kwa mdomo wa mwalimu aliyetoka Basotu. Watu wa Nangwa walikuwa wamepeleka posa kwa Mzee Lohay, baba yake Fausta, naye amewaita Jumapili waje wasikie jibu. Na Fausta alikuwa ameongeza lake: "Mwambie nimeahidiwa boti tangu mvua za mwaka juzi. Kama ipo, ije kabla wageni hawajapewa jibu. Kama haipo, naye asije."

Nilimpenda Fausta kuliko nilivyoweza kusema. Wengine wanaandika barua, mimi nilikuwa napiga randa. Nikaona sasa kama sifiki kabla ya Jumapili, nimepiga randa bure.

Nambis hadi Dongobesh

Alhamisi asubuhi, baridi ya kukata masikio, tuliiweka kayaki juu ya mkokoteni wa ng'ombe wa Tarmo. Mkokoteni ni mfupi, kayaki ni ndefu, basi pua ilitangulia mbele ikawa inamkuna ng'ombe wa kushoto mgongoni. Alipenda. Kila akikunwa alisimama ili akunwe vizuri, na mwenzake wa kulia akaendelea, tukawa tunazunguka kama watu wanaopura maharage. Ikabidi tuigeuze, pua nyuma, tundu juu, na tukaifunika kwa blanketi jeusi la mama isipate vumbi.

Blanketi lilikuwa kosa. Kabla hatujafika mbali tukakuta wazee wawili wamevua kofia na kusimama kando ya barabara, vichwa chini. Sisi tukasimama pia, kwa heshima, tukidhani kuna msiba mbele.

"Shikamooni wazee. Nani amefariki?"

"Marahaba," akajibu mmoja, akitazama mkokoteni. "Sisi tulitaka kukuuliza wewe."

Tarmo akalivuta blanketi. Wazee wakatazama zile mbao zilizong'aa, wakatazama lile tundu, wakatazamana. Yule wa pili akainama, akanusa.

"Mwalimu," akasema, "huu mzinga umeutengeneza kwa ajili ya nyuki au kwa ajili ya tembo?"

Tulicheka wote mpaka ng'ombe wakashtuka. Tangu hapo hatukufunika tena, na kila kijiji kikapata jina lake la kuipa. Hori. Bomba la mashamba ya ngano. Mzinga. Wengi walisema mzinga, na mimi nikawa nawacheka.

Dongobesh hadi Haydom

Dongobesh tulilala kwa Bi Zaina, mke wa mfanyabiashara mwenye lori. Mumewe alikuwa ameahidi kutuchukua juu ya magunia ya vitunguu, na ng'ombe wa Tarmo wakabaki uani kwake kutusubiri. Bi Zaina ni mwanamke wa mwili na sauti, na kwa chapati zake mtu anaweza kuhamia Dongobesh. Alinimiminia chai, akaizunguka kayaki akiwa ameshika kiuno.

"Hori zuri. Lakini mwalimu, tundu moja hili, ng'ombe wote watakunywa hapo hapo?"

"Si hori, mama. Mtu anakaa humo, anakwenda nayo majini."

"Mtu mmoja?"

"Mmoja."

"Na ni ya kumpelekea mchumba?"

"Ndiyo."

Akanitazama kwa huruma ya kweli. "Mwanangu, watu wanampelekea mchumba kitanda, wewe unampelekea chombo cha kuondokea!"

Tarmo alianguka chini kwa kicheko. Mimi nilicheka pia. Sikuwa nimewahi kulifikiria jambo lile namna hiyo, na njia nzima ya Haydom, huku nimekaa juu ya vitunguu na nimekumbatia kayaki isirushwe, nililifikiria. Lori liliruka kila shimo. Kwenye shimo moja kubwa nilisikia mbao zikilia, nikapapasa ubavu wa kushoto, sikuona kitu, nikamshukuru Mungu mapema mno.

Haydom hadi Hirbadaw

Haydom, Ijumaa mchana, bahati ilitukuta imekaa juu ya trekta. Dereva mmoja wa mashamba ya ngano, Elia, alikuwa amemleta mwenzake hospitali na sasa anarudi na tela tupu. Elia ni mtu wa maneno machache. Aliitazama kayaki, akasema, "Pandisheni," akawasha.

Mkitoka milimani kama sisi, ile nchi ya ngano inawashangaza kila mara. Sisi tumezoea vishamba vyenye mipaka ya katani, ukipiga chafya jirani anakutakia afya. Kule ngano inaanza na haiishi, na makombaini yanatembea ndani yake kwa mbali, vumbi la makapi limesimama juu. Nilikaa ndani ya tundu la kayaki juu ya tela, miguu nimenyoosha, kafi mkononi, Tarmo akiniimbia. Wavunaji waliokuwa wakila kando ya barabara waliacha ugali wao wakanipungia mikono. Sijui kama nitawahi kuwa na furaha ya kijinga kama ile tena.

Hirbadaw trekta likaanza kukohoa. Elia akashuka, akafungua hiki na kile, akasema chujio la dizeli limeziba. Atajikongoja mpaka karakana na trekta peke yake, tela litabaki, kesho asubuhi atakuja kutuchukua. Tukashusha kayaki kwenye boma la bibi mmoja aliyekuwa akitutazama tangu mwanzo kutoka mlangoni pake, jina lake Bibi Theresia.

"Shikamoo bibi. Tunaomba pa kulala."

"Marahaba, wanangu. Na mzinga wenu uingie."

Nilikuwa nimechoka kubisha. Alitupa ugali wa mtama na maziwa ya mgando kutoka kibuyu kilichofukizwa moshi, na tukala mpaka tukaona aibu. Kayaki tuliiegesha kwenye uzio, tundu limetazama malisho.

Wageni wa Bibi Theresia

Jumamosi asubuhi tulikuwa uani tunakunywa chai, tukisikilizia trekta. Tarmo akainua kidole. "Anakuja."

Na kweli kulikuwa na mngurumo. Lakini haukutoka barabarani. Ulitoka juu, kisha nikaona wingu jeusi likivuka uzio, likazunguka mara moja, na kuanza kumiminika ndani ya tundu la kayaki yangu. Nyuki. Waliingia kwa utulivu, kama watu waliopewa ufunguo.

Nilimgeukia Tarmo. Kikombe kilikuwa kimesimama karibu na mdomo wake.

"Tarmo," nikasema, "mzinga mpya unaupaka nini ndani ili nyuki wahamie?"

"Nta," akasema kwa sauti ndogo.

"Unaisugua?"

"Kwa kitambaa."

Mfugaji wa nyuki huyo! Tangu utotoni hajafanya kazi nyingine. Na mimi, mwana wa mfugaji wa nyuki, ambaye njia nzima niliwacheka wanaosema mzinga. Ningetaka kukasirika lakini kicheko kilinishinda, na nilipomaliza kucheka nikakumbuka kesho ni Jumapili.

Nikaokota kijinga cha moto niwafukuze kwa moshi. Bibi Theresia akaniondolea mkononi, taratibu tu, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu.

"Hapa kwangu hapana," akasema. "Nyuki wamekuja wenyewe bomani, hawakuitwa."

"Bibi, wameitwa na nta yetu."

"Basi mmewaita wenyewe halafu mnawafukuza? Jana wewe ulikuja bila kuitwa. Nilikutolea moto?"

Nikamweleza yote: Fausta, watu wa Nangwa, Jumapili. Alisikiliza mpaka mwisho, akikoroga chai yake.

"Utakwenda kuomba mke," akasema, "huku nyuma umechoma wageni waliokuja kukutembelea? Subiri jua lishuke. Huyu mwenzako atawahamisha kwa mkono, kistaarabu. Mzinga ninao, mkavu, marehemu mume wangu aliuchonga na haujapata nyuki mpaka leo."

Elia alipofika na trekta lake lililopona, alisimama mbali, akausikiliza ule mngurumo.

"Mimi napakia ngano," akasema. "Nyuki sipakii."

"Elia, ndugu yangu, kesho je?"

Akakuna kidevu. "Mavuno hayana Jumapili. Asubuhi nitapita." Akaondoka, na siku yangu ikaondoka naye.

Siku ile ilikuwa ndefu. Nililima bustani ya mnafu ya bibi ili nisitazame jua, maana wanasema mgeni siku ya tatu mpe jembe, na mimi nilijipa ya pili. Jua lilipokaribia kuzama Tarmo akaingiza mkono ndani ya tundu, polepole, akinong'ona nao. Alikuwa akiwatoa kwa makonzi na kuwaweka kwenye mzinga wa marehemu kama mtu anayehamisha vifaranga. Hakuumwa hata mara moja. Alipompata malkia, wengine wakamfuata wenyewe, na bibi akapiga makofi na kucheka kama msichana.

Kisha mimi, kwa kutaka kusaidia, nikachungulia ndani kuona kama wamebaki.

Walibaki.

Hirbadaw hadi Basotu

Jumapili niliamka na jicho moja. La pili lilikuwa ndani huko mahali, na mdomo wangu wa juu ulikuwa umetangulia mbele ya pua. Bibi Theresia alinipaka asali, akanipa na kibuyu kidogo cha kumpelekea Mzee Lohay. "Umpe kwa mikono miwili," akasema. "Na usiongee sana. Kwa uso huo, hata hutaeleweka." Kwaheri yake ilinigusa, maana alisimama barabarani mpaka trekta lilipopinda. Nilimpenda bibi yule.

Elia alinitazama, akageuka akawasha. Nilimwona mabega yakitikisika mpaka Basotu.

Tulifika ziwani jua likiwa la saa za mchana, na wageni wa Nangwa walikuwa wameshafika kabla yetu. Walikuwa wamekaa kwenye viti mbele ya nyumba ya Mzee Lohay, wazee kwa vijana, suti zimepigwa pasi, na bwana mwenyewe katikati, kijana mzuri, mpole, macho mawili. Mimi nilikuwa na Tarmo aliyenuka moshi, sina mzee hata mmoja, sina shemeji, nimebeba mbao.

"Shikamoo, mzee," nikasema, nikampa kibuyu kwa mikono miwili.

"Marahaba. Wewe nani?"

Alikuwa ananijua tangu tukiwa chuoni! Kabla sijajibu, Fausta akatoka jikoni na sinia. Alinitazama mimi, akatazama kayaki, akanitazama tena. Sinia likaanza kutetemeka. Akaliweka chini, akajifunika uso kwa kanga, na nilidhani analia mpaka niliposikia kicheko.

"Boay," akasema alipoweza, "ipo kweli?"

"Ipo."

Alikunja kanga, akashika mkia wa kayaki, Tarmo akashika pua, na mimi nikafuata na kafi. Nyuma yetu viti vikasogezwa, wote wakateremka ufukweni, Nangwa nzima na Mzee Lohay na kibuyu chake.

Nilikuwa nimepanga niingie mimi kwanza. Ilikuwa mipango ya mtu wa milimani. Maji ninayoyajua mimi ni ya ndoo, na sijui kuogelea. Fausta alinichukulia kafi mkononi, akaketi ndani ya tundu kama mtu anayekaa kwenye kigoda cha kwao, akasukuma.

Ikaelea. Ndugu zangu, ikaelea! Nilipiga kelele, sikumbuki nilisema nini. Ilikwenda nyembamba na nyekundu juu ya maji, kafi linapanda huku linashuka kule, na Fausta amenyoosha mgongo. Akaenda mbali zaidi. Akapita matete. Nikakumbuka maneno ya Bi Zaina, chombo cha kuondokea, na furaha yangu ikaingiwa na baridi. Angeweza kwenda zake kwa shangazi na asirudi mpaka wageni wote tuondoke, na ningekuwa mimi niliyempa njia.

Akageuka. Lakini kayaki ilikuwa imekaa chini kuliko ilivyoondoka, imeinama upande wa kushoto. Lile shimo la barabara ya Haydom. Fausta akaanza kuchota maji kwa kiganja na kupiga kafi kwa mkono mmoja, akicheka, kisha akaacha kucheka.

Bwana wa Nangwa akavua koti, akalikunja vizuri, akatafuta mahali pa kuliweka. Mimi sikuwa na koti. Niliingia. Maji yalifika magotini, kiunoni, kifuani, matope yananivuta viatu, na kila hatua niliamini ndiyo ya mwisho. Sikuwa jasiri, niliogopa mpaka meno yakagongana. Maji yalipofika kidevuni nikanyoosha mkono, nikaishika pua ya kayaki.

Fausta aliinama, akanitazama lile jicho moja kwa karibu.

"Wewe hujui kuogelea," akasema.

"Sijui."

"Sasa ungefanyaje hapa mbele?"

"Sijafika huko kufikiri."

Alicheka mpaka kayaki ikanywa maji na kutulia matopeni chini yake, na yeye akasimama juu yake, maji kifuani, akaushika mkono wangu. Tuliivuta wote wawili mpaka nchi kavu, hatukuachana mikono hata pale kila mtu alipokuwa anaona, na watu wa kwetu mnajua hilo si jambo dogo mbele ya baba.

Wageni wa Nangwa walipoona hilo walianza kupanda kurudi kwao, na bwana mwenyewe alikuwa ameshavaa tena koti lake. Alinipa mkono kabla ya kuondoka. Mtu muungwana, namwombea mema.

Mzee Lohay alibaki ufukweni. Alimtazama binti yake anayechuruzika maji, akatazama mikono yetu, akaonja asali kwa kidole, bila haraka yoyote.

"Boay wa Nambis," akasema. Alikuwa amenitambua. "Wazee wenu wako wapi?"

"Wako nyumbani, mzee."

"Kawalete."

Fausta alinibana vidole. Nami nilimwita Elia, aliyekuwa bado anatutazama, awashe trekta saa ile ile, suruali yangu ikiwa bado inamwaga maji ya ziwa.